Oda za mchoro uleule kila siku: raha ya kubuni kwa mkono inarudije?

NakshiKizota

Mbukwenyi wadau. Naomba mawazo ya wanaojiajiri kwa kazi za mikono, hasa wa vibuyu, shanga, ususi na udongo.

Kazi ni vibuyu vya urembo: vivuli vya taa, vyombo vya maua makavu, bakuli za mezani. Oda zinakuja, namshukuru Mungu, ila karibu zote ni mchoro mmoja, twiga chini ya mbuyu na jua linazama. Mteja anatuma picha WhatsApp anataka kama ile, na mwenzake anataka kama ya huyo. Mkono unakwenda, hamu ya kubuni imekauka. Oda siwezi kuziacha, ndizo kodi na ada za watoto. Ninachotafuta ni ubunifu unaokaa ndani ya siku ya kazi ya kawaida, si wa kusubiri hadi oda zikatike.

Muda wa kubuni mnautenga vipi bila kuvuruga kipato? Nakshi mpya mnazitoa wapi, mbali na kunakili za mtandaoni? Rangi za dukani kila mtu anazo, je, kuna za kwetu zinazoshika vizuri? Na la mwisho, vibuyu vinapasuka baada ya kuoshwa, hasa kipindi hiki cha upepo. Hilo linavunja moyo kuliko yote.

---

FundiKibuyu_Mvumi

Mkuu, naanza na hilo la mwisho. Anayeogopa kupasua kibuyu hajaribu kitu kipya. Anarudia kile alichozoea. Ondoa hofu hiyo kwanza.

Kibuyu kinapasuka kwa sababu hakikauki pande zote kwa mwendo mmoja. Ukikilowesha kinavimba kidogo. Ukikianika juani, au vibaya zaidi juu ya bati, upande unaotazama juu unasinyaa wakati wa chini bado una maji, na ufa unaanzia palipo pembamba, mara nyingi karibu na kikonyo au kwenye kitako. Dodoma miezi ya kiangazi hewa ni kavu na upepo haupumziki, kwa hiyo hata kivulini kinakauka upesi mno.

Usikizamishe kwenye ndoo. Kifunge kwa gunia lililoloweshwa, kiache saa 3 au 4, ngozi ya nje italainika. Kwangua kwa kisu butu au stiliwaya, ukilowesha tena pale tu unapofanyia kazi. Kisha kikaushe ndani ya nyumba, juu ya mkeka, mbali na dirisha linalopitisha upepo, ukikigeuza asubuhi na jioni. Kidogo kinahitaji kama siku 2, kikubwa cha kimo cha mpira wa miguu siku 3 hadi 4. Upepo ukizidi, kifunike na khanga kuukuu ili unyevu utoke taratibu. Madoa meusi ya ukungu yanayobaki kwenye ganda hayaondoki kwa kusugua, na ukilazimisha utalichosha ganda. Yaache. Doa la ukungu ni mchoro ambao hakuna mteja atakayepata wa pili wake, na hapo tayari umeshapata pa kuanzia kubuni.

Nusu ya kazi inafanyika wakati wa kununua. Chukua vibuyu viwili vya ukubwa sawa, kila mkono kimoja: kile kizito kati ya viwili vilivyokauka kabisa ndicho chenye ukuta mnene. Tikisa, mbegu zigonge kwa sauti kavu. Zisipogonga bado kuna maji, au nyama imeshikamana na mbegu. Wa kuchonga unataka ukuta wa milimita 5 kwenda juu. Chini ya milimita 3 ni wa kuchoma nakshi na kupaka rangi tu, usiutoboe. Kilichochumwa kikiwa kijani kinasinyaa na kuingia ndani kikikauka, hata muuzaji akiapa kuwa kimekomaa. Dalili ya kukomaa shambani ni kikonyo kukauka na kuwa rangi ya kahawia kikiwa bado kwenye mmea.

Kwenye taa, makosa ninayoyaona sokoni ni matundu kukaribiana. Nafasi kati ya tundu na tundu iwe angalau mara mbili ya upana wa tundu: ukitumia biti ya milimita 3, acha milimita 6 za ganda zima. Yakikaribiana kwenye mstari mmoja, ule mstari ndio utakaokatika siku kibuyu kikigongwa. Bandika tepu ya karatasi ya wapaka rangi mahali pa kutoboa ili ganda lisimeguke, drili iende kasi, mkono usisukume. Toboa kutoka nje kwenda ndani. Balbu iwe ya LED ya wati 3 hadi 5. Zile za zamani za waya zinatoa joto linaloendelea kukausha kibuyu mpaka kipasuke.

Kikishapasuka? Usikitupe. Toboa tundu dogo la milimita 1.5 mwisho kabisa wa ufa, nyufa husimama kwenye tundu la duara. Halafu toboa pande zote mbili za ufa, milimita 5 kutoka ukingoni, kila sentimita 1, ushone kwa uzi uliopakwa nta au kamba nyembamba ya ngozi iliyolowa. Ngozi ikikauka inajivuta na kubana. Bibi zetu walishona vibuyu vya maziwa na vya togwa hivyohivyo, na mshono ule ulikuwa pambo. Wewe unaweza kuuendeleza: mshono uwe mto, uwe mgongo wa mjusi, uwe barabara. Kazi nyingi nzuri za kibuyu huzaliwa kwenye ufa.

Jambo moja la afya, nalisema kwa msisitizo. Vumbi la ndani ya kibuyu linawasha koo na mapafu. Lowesha ndani kabla ya kukwangua kwa kijiko na vaa barakoa. Na kama bakuli zako ni za chakula, jaza maji, acha usiku kucha, mwaga, rudia mpaka maji yasiwe na uchungu hata kidogo. Ule uchungu ni sumu ya asili ya mimea ya jamii ya maboga, inatapisha na kuharisha. Kisipokwisha uchungu, kiuze kama pambo na umwambie mteja hivyo.

---

UziNaMkeka

Nakubaliana na Fundi. Mimi nijibu la muda, maana hapo wengi wanaambiwa "jipe muda" bila kuambiwa muda unatoka wapi.

Unatoka kwenye namna ya kupanga oda. Ukitengeneza kibuyu kimoja kuanzia kukwangua hadi nta, halafu unachukua cha pili, kila ukibadilisha kifaa unapoteza dakika na mwelekeo. Panga kwa hatua: siku moja ni kukwangua vyote, nyingine ni kukata na kusafisha ndani, nyingine kuchora kwa penseli, nyingine kuchoma, nyingine nta. Chuma cha kuchomea kinapashwa moto mara moja, vumbi linafagiliwa mara moja. Umeme ukikatika unahamia hatua ya mkono. Muda unaookolewa hapo usiujaze oda nyingine. Huo ndio wa kubuni, na uweke asubuhi, kabla ya kugusa oda yoyote na kabla ya kufungua simu. Nusu saa inatosha. Mchana wa Dodoma upepo unaleta vumbi kwenye rangi mbichi na mwanga wa jua unakuwa mkali mno kuona mistari. Saa 1 hadi saa 2 asubuhi mwanga unakuja kwa upande na kila mkwaruzo unaonekana.

Nusu saa hiyo haitaki kibuyu kizima. Kuwa na boksi la vipande: vilivyokatwa midomo, vilivyopasuka, vifuniko visivyotumika. Chukua kipande cha upana wa kiganja na ujiwekee mpaka: kifaa kimoja, rangi zisizozidi mbili, alama moja. Mfano, asubuhi moja ni nukta tu, kubwa na ndogo, hakuna mstari. Nyingine ni mistari ya kulala tu. Mpaka unaonekana kama unabana, lakini ndio unaozuia ile hali ya kukaa mbele ya kibuyu kitupu ukiwaza uchore nini mpaka muda uishe. Nyuma ya kipande andika tarehe na kifaa ulichotumia. Usikipige picha ya kuweka status. Kikishaonwa na wateja kinaanza kuwa oda, na utaanza kukifanya kizuri kwa ajili yao.

Mwisho wa mwezi tandika vyote kwenye mkeka. Viwili au vitatu vitakuvuta jicho. Hivyo ndivyo vya kupeleka kwenye kibuyu kizima.

Sasa kwenye oda zenyewe kuna mbinu ninayoipenda sana: eneo huru. Mteja anataka twiga na mbuyu, mpe twiga na mbuyu. Lakini ukanda wa sentimita 3 chini ya mchoro, au ndani ya mdomo wa bakuli, au kitako, ni wako. Mwambie tangu mwanzo: "Mchoro mkuu utakuwa huo, ukingo naubuni mwenyewe, kila kimoja tofauti." Wengi wanafurahi, kwa sababu wanapata kitu ambacho jirani hana. Vibuyu ishirini vya twiga vinakuwa kingo ishirini tofauti, na siku nzima una kitu cha kukisubiri kwenye kila kimoja.

Hakuna ukingo huru kama bei yako haina saa ndani yake, hilo lazima lisemwe. Wengi wanajumlisha kibuyu na rangi, wanaongeza kidogo, basi. Tuseme kibuyu 3,000, nta na rangi 700, msasa na umeme 500, kazi saa 3 kwa 2,500 kila saa, hiyo 7,500. Jumla 11,700. Ongeza asilimia 10 ya vinavyoharibika, inakuwa 12,870. Faida ya asilimia 25 inakufikisha kama 16,000. Ukiuza 10,000 umeuza chini ya gharama, na kufidia unafanya vingi zaidi, haraka zaidi, vinavyofanana zaidi. Hamu inafia hapo, si kwenye twiga. Badilisha namba kwa hali yako, ila saa zisitoke kwenye hesabu. Na nusu ya malipo ipokelewe kabla ya kuanza, ili usikimbizane na mtu aliyebadili mawazo.

---

RangiZaKondoa

Wadau, naomba niingie kwenye nakshi na rangi, kwa sababu sisi wa kanda ya kati tumekaa juu ya hazina tunaipita na basi.

Nenda Kolo, barabara ya Kondoa kwenda Babati. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, na mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akiinakili jiwe kwa jiwe. Pita ofisi ya mambo ya kale pale Kolo, mtapanda na mwongozaji. Ya kuangalia si "wanyama wa kale" kwa jumla. Angalia watu wembamba warefu waliochorwa kwa mistari mingi myembamba inayokwenda sambamba, bila kujazwa rangi kabisa. Angalia vichwa vilivyofanywa vikubwa kuliko miili. Angalia jinsi mnyama mmoja ana muhtasari tu na mwingine amejazwa. Angalia michoro myeupe, minene, iliyopakwa kama kwa kidole, tofauti kabisa na ile myekundu. Hizo ni namna za kuchora, na namna ya kuchora unaweza kuipeleka kwenye kitu cha leo: kuku, bodaboda, mama na ndoo. Ukichukua tu umbo la pofu na kulibandika kwenye kibuyu umerudi kwenye twiga. Usiguse wala usimwagie jiwe maji ili rangi ionekane, maji yanaiondoa. Na baadhi ya maeneo yale bado ni ya matambiko, heshimu utakachoambiwa na mwongozaji.

Karibu zaidi na nyumbani: magome ya mbuyu, ganda la ukwaju lililobanwa kati ya mbegu na mbegu, ufuo wa mto uliokauka na kupasuka, fito na udongo wa ukuta wa tembe. Chukua kimoja, gawa karatasi kwenye miraba 9, na kichore mara 9: kikubwa hadi kitoke nje ya mraba, nusu yake, kikirudiwa, kikiwa cheupe kwenye cheusi, kikigeuzwa juu chini, na kuendelea. Mraba wa nne au wa tano ndipo mawazo ya kuazima yanapoisha na ya kwako yanapoanza, kwa hiyo usiishie wa tatu.

Kupeleka nakshi ya kurudia kwenye kibuyu kuna shida yake, kibuyu si duara kamili na tumbo si sawa na shingo. Zungushia uzi pale nakshi itakapokaa, ukate, ukunje mara mbili, nne, nane. Mzingo wa sentimita 48 unakupa sehemu 8 za sentimita 6. Weka alama za penseli kwa kila mkunjo. Kila mstari wa nakshi unapimwa kwa uzi wake, usitumie vipimo vya tumbo kwenye shingo. Mstari wa kulala sawa unaupata kwa kuweka penseli juu ya rundo la vitabu, unaishika isitikisike na kukizungusha kibuyu.

Rangi sasa. Udongo mwekundu wa kwetu una chuma kilichoshika kutu, na rangi hiyo haififii kwa jua kama za majani na maua. Manjano ya jikoni, kwa mfano, inapauka upesi ukiiweka dirishani. Chimba chini ya tabaka lenye mizizi. Kikombe kimoja cha udongo kwa vikombe 5 vya maji, koroga sana, subiri sekunde 30 mchanga uzame, kisha mimina yale maji yenye rangi kwenye chombo cha pili. Mchanga utupe. Acha maji ya rangi yatulie usiku mzima, mwaga yaliyo safi juu, tope laini lililobaki likaushe na ulisage kwa chupa juu ya kioo au kigae.

Cha kushikishia ni gundi nyeupe ya maseremala iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Vijiko 2 vya unga wa udongo kwa kijiko 1 cha mchanganyiko huo, kisha ongeza matone ya maji mpaka ipakike. Anayetaka asili kabisa atumie utomvu wa mgunga: sehemu 1 kwa sehemu 2 za maji ya moto, uloweke hadi uyeyuke, chuja, tia tone la asali ili usiwe mkavu wa kumeguka. Ila wa utomvu unayeyuka tena ukipata maji, hivyo ni wa vitu vya kukaa ukutani.

Dalili za kosa ni rahisi kusoma. Rangi ikitoka kidoleni kama chaki, gundi ni kidogo. Iking'aa na kubanduka kama ngozi, gundi imezidi. Ikipasuka vipandevipande, umepaka nene. Paka tabaka mbili nyembamba. Na kabla ya yote piga kibuyu msasa namba 220, ngozi yake ya asili ni laini mno, rangi haipati pa kushika.

Hii nayo inafurahisha sana, jaribuni. Chukua udongo wa njano, weka kwenye kopo la bati juu ya mkaa, koroga kwa kijiti cha chuma. Taratibu unageuka rangi ya chungwa, halafu mwekundu. Joto linafukuza maji yaliyofungwa ndani ya madini ya chuma. Ukitoa kijiko kimoja kila dakika chache unapata rangi 5 au 6 za jamii moja kutoka shimo moja, na zote zinakaa pamoja vizuri. Fanya nje, kopo lisiwe limefunikwa.

---

ShangaMajengo

Nampinga kidogo UziNaMkeka kwenye suala la kuficha vipande vya majaribio. Ni kweli visigeuke oda mapema. Lakini kazi isiyoonwa na mtu miezi na miezi nayo inakosa pumzi. Kwenye maonyesho ya Nane Nane pale Nzuguni weka kikapu kidogo pembeni ya meza, vipande vilivyotobolewa tundu na kutiwa kamba, kila kimoja cha pekee, bei moja, hakuna kurudiwa. Akija anayetaka kumi kama hicho, jibu ni hapana, "hicho ni kimoja tu". Sema hivyo bila kuona haya. Utajua kwa macho yako ni kipi watu wanakishika kwanza, na hukufungwa na oda yoyote.

Na kurudia si adui. Kwenye shanga kazi yote ni kurudia, utamu unatoka kwenye kubadilisha kitu kimoja tu kila mzunguko. Rangi zilezile, mpangilio mwingine. Mpangilio uleule, shanga moja nyeusi inahama nafasi kila mstari. Jaribu kwenye twiga wako: kibuyu hiki madoa ni ya pembe tatu, kile ni alama za vidole, kingine ni madoa pekee bila mstari wa mwili. Mteja bado anaona twiga.

Vibuyu vidogo visivyofaa taa visikae tu stoo. Fanya manyanga. Toboa tundu la milimita 10 pale kikonyo kilipokuwa, toa mbegu za ndani kwa waya uliopindwa, suuza kwa changarawe na maji, kausha. Tia mbegu kavu au vijiwe vidogo, anza na 15, tikisa, sikiliza, ongeza. Vikizidi sauti inaziba, maana havina nafasi ya kuruka. Ziba kwa kijiti cha mti laini kilichochongwa na gundi, kijiti kikitokeza sentimita 12 kinakuwa mpini. Ni kazi ya chini ya saa moja ikiwa kibuyu kimeshakauka, na watoto wa nyumbani watakuwa majaji wako.

Kama unaunga shanga kwenye mdomo wa kibuyu, usitumie nailoni ya kuvulia kwa kitu kitakachokaa juani, inakakamaa na kukatika. Uzi wa pamba au wa viatu, uvute mara mbili kwenye kipande cha nta ya nyuki, unashika na fundo halifunguki.

---

NakshiKizota

Asanteni sana wakuu, nimeandika yote kwenye daftari. Eneo huru naanza nalo kwenye oda iliyopo mezani. Bado mambo mawili: rangi ya udongo na nakshi ya kuchoma vikikaa kwenye kibuyu kimoja, kipi kinatangulia? Na nta juu ya rangi hiyo inafanyaje, maana ninayotumia inabaki inanata hata baada ya wiki.

---

FundiKibuyu_Mvumi

Kuchoma kunatangulia siku zote. Chora kwa penseli nyepesi, choma, futa penseli kwa ufutio, ndipo upake udongo kwenye nafasi zilizobaki. Usichome kamwe juu ya rangi, gundi au vanishi, moshi wake ni mbaya kwa mapafu na ncha ya chuma inajaa uchafu. Chuma cha umeme cha mafundi redio cha kulehemu, wati 30 au 40, kinatosha. Kama mstari unaanza na doa jeusi, unaweka ncha kwenye ganda kabla mkono haujaanza kutembea: anza kuusogeza mkono hewani, uguse, upite, unyanyue ukiwa bado unatembea. Ncha isugue kwa stiliwaya kavu kila baada ya dakika chache, uchafu ukijaa joto halifiki kwenye ganda na unaanza kukandamiza. Ukikandamiza mstari unatetemeka.

Kuhusu kunata: mafuta yamezidi, au umeyapaka na hukuyafuta. Nta ya nyuki safi sehemu 1, mafuta ya alizeti sehemu 4 kwa uzito, yaani gramu 50 kwa 200. Yeyusha kopo likiwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiweke moja kwa moja juu ya mkaa. Nta inayeyuka kwenye nyuzi joto 60 na kidogo, hakuna haja ya kuchemsha. Ipoe iwe kama mafuta ya kujipaka. Paka kidogo sana kwa kitambaa, subiri dakika 20, kisha futa yote kwa kitambaa kikavu na usugue hadi kitambaa kiteleze. Alizeti inapoachwa nene inashika hewa na kugeuka utando wa kunata, na vumbi la huku linaganda humo. Vilivyokwisha kunata vipanguse kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, nje ya nyumba na mbali na moto, uache siku nzima vipumue, kisha upake upya. Ila hiyo ni kwa vya mapambo, bakuli la chakula usiliguse kwa mafuta ya taa.

---

RangiZaKondoa

Niongeze hapo: juu ya rangi ya udongo nta haipandi moja kwa moja, ukisugua utaibeba rangi yote kwenye kitambaa na kuchafua sehemu nyeupe za kibuyu. Udongo ukishakauka siku nzima, pitisha juu yake gundi nyeupe iliyozimuliwa, sehemu 1 kwa maji sehemu 4, kwa brashi laini, mpito mmoja bila kurudia palepale. Kesho yake ndipo nta. Rangi itakoza kidogo ikipata ile gundi, kwa hiyo fanya kwanza kwenye kipande kimoja cha kibuyu kutoka lile boksi la majaribio uone itakapofika, hasa ile ya chungwa. Huwa inasogea kuelekea nyekundu kuliko unavyotegemea.